Saa Kumi na Tisa Nilizoziita Sita

Ninaikumbuka Ijumaa moja, mwanangu, ambayo nusura nimwondoe mtu kazini bila kumgusa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikiandika programu za kompyuta katika ofisi ndogo mjini Singida. Chuo sikupitia. Nilijifunza mwenyewe nyumbani kwetu Unyambwa, kwa vitabu vya kuazima, na aibu ya kukosa cheti niliingia nayo ofisini kila asubuhi.

Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa kupokelea alizeti katika ghala moja la Kinampanda. Kazi tuliigawa katika mizunguko ya wiki mbili mbili, tukiiita sprinti. Ukutani palikuwa na ubao wenye safu mbili. Kabla ya kuanza kipande cha kazi, uliandika saa unazokadiria kitachukua. Ukimaliza, uliandika saa ulizotumia kweli. Kiongozi wetu, Mama Salma, alipanga mzunguko unaofuata kwa kutazama safu ya pili.

Mimi nikikadiria saa sita, nilimaliza nikaandika sita. Ukweli ni kwamba kipande kimoja kiliwahi kunila saa kumi na tisa, nyingi zikiwa za Jumamosi, na za Jumapili baada ya kanisa. Niliona nikiziandika watasema, si tulijua, huyu hakusoma. Miezi minne nikaenda hivyo. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, nami nilidhani msemo huo unawahusu wagonjwa.

Mwenzangu Neema, aliyetoka chuo, alikuwa akikadiria sita anaandika kumi na tano. Karibu kila mara.

Ijumaa hiyo zilibaki wiki mbili ghala lifunguliwe. Mama Salma alisimama mbele ya ubao muda mrefu, kalamu mkononi.

"Neema, mkataba wako unaisha mwezi huu," alisema. "Sitauombea nyongeza. Namba zako naziona, na za mwenzako naziona. Sehemu ya kutoa stakabadhi za wakulima ataichukua Yohana."

Neema alinigeukia. "Basi kaka Yohana, kabla sijaondoka nipe hiyo dawa yako. Mimi saa sita zinaisha bado nabishana na swali lenyewe."

Mama Salma alicheka.  Nilijua stakabadhi zingenichukua wiki nne. Nakiri, mwanangu, nilinyamaza, na ningeendelea kunyamaza kama Neema asingeanza kukusanya madaftari yake mezani.

"Mama, namba zangu si za kweli," nikasema.

"Zipi?"

"Zote. Kuna kipande nilichokiandikia sita, kilinila kumi na tisa."

Hakupandisha sauti. "Neema anakosea kukadiria," alisema, "lakini anakosea kwa kiasi kilekile. Nazidisha, napanga, naendelea. Wewe nikupange vipi? Zile saa kumi na tisa nilizihitaji mimi, wewe ukazila."

Akaniambia nisahihishe safu yangu. Sikuweza. Saa nyingine zote nilikuwa nimezisahau, na miezi minne ya jasho langu ikawa haina la kumfundisha mtu yeyote.

Mchana ule barua ya Neema ya kuongezewa mkataba iliandikwa. Mimi nilipewa simu nimpigie Mzee Msengi, msimamizi wa ghala. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza kwamba stakabadhi zitaandikwa kwa mkono wiki mbili za mwanzo.

"Marahaba," alisema. "Ungeniambia mwezi uliopita ningejiandaa. Sasa wakulima niwaambie nini, kwamba kijana wa mjini aliona aibu?"

 Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye simu ile.

Mwanangu, kadiria bila hofu. Makadirio hayana dhambi. Lakini ukimaliza kazi, andika saa ulizotumia siku hiyohiyo, hata zile za Jumapili, kabla kumbukumbu haijaanza kukutetea. Ujue pia kwamba namba yako haikai peke yake ubaoni. Imekaa jirani na ya mwenzako aliyesema kweli, nayo humhukumu. Kisha itazame tofauti ya safu zile mbili, kwa maana humo ndimo utakamojijua. Mimi sikuwa na mwalimu mwingine, na huyo nikamfukuza.

Mungu akujalie kazi inayokutosha, na ujasiri wa kusema ilivyokuchosha.