Mara Mbili Montpellier

Uongo wenyewe ulikuwa wa maneno mawili tu, na niliusema kwa sababu bosi alikuwa amesimama nyuma yangu.

Nilikuwa na miezi saba katika ofisi ya safari iliyo chini ya mnara mmoja pale West Bay, Doha. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu na kuchapisha tiketi. Meza ya Ulaya ilikuwa ya mwenzangu mmoja Mlebanoni, lakini alikwenda likizo ya uzazi, na bosi akaniambia nikikalie kiti chake kwa muda. Sheria ya bosi ilikuwa moja: mteja asisikie kamwe neno "sijui".

Asubuhi hiyo aliingia mama mmoja Mqatari wa miaka sabini hivi, peke yake, na kijidaftari mkononi. Binti yake wa mwisho alikuwa anasoma Montpellier, kusini mwa Ufaransa, naye alitaka kwenda kukaa naye wiki mbili.

"Mchana atakuwa darasani," akasema, "na mimi sitaki kukaa ndani nikiangalia ukuta. Kila siku nataka niende mahali, na kila jioni niwe nimerudi tule pamoja. Sitalala nje hata siku moja."

"Hakuna shida, khala," nikamjibu. Khala ni mama mdogo kwa Kiarabu; ndivyo tunavyowaita kina mama wa umri wake.

Akanitazama juu ya miwani. "Wewe umefika huko?"

Nikasikia viatu vya bosi vikisimama.

"Mara mbili," nikasema.

Hata leo sielewi hiyo mara ya pili niliitoa wapi. Mara moja ingetosha kabisa.

Mama akafunga daftari lake kwa furaha. Angekuja tena baada ya siku chache, nimweleze vizuri, kwa kuwa amechoka na watu wanaomsomea vijitabu.

Jioni nilimsimulia muuguzi kutoka Machakos ninayekaa naye chumba kimoja. Alicheka hadi akajishikilia kwenye friji.

"Aki wewe! Mara mbili? Wewe hapo Lusail tu, nje ya Doha, unapotea!"

Lakini alinisaidia. Siku hizi kuna ramani zenye picha za barabara, unatembea kwa kidole kama uko pale. Nikatembea Montpellier nzima nikiwa kitandani, naye akawa mtahini wangu.

"Umetoka stesheni. Unakata wapi?"

"Sikati. Naenda moja kwa moja kwenye barabara ya tramu, hadi uwanja mkubwa wenye chemchemi."

"Choo kiko wapi?"

Nikasogeza kidole huku na huku kwenye ramani.

"Mama wa miaka sabini na hujui choo kiko wapi. Umefeli."

Kuanzia hapo nilitafuta vyoo. Nilijua vya stesheni, vya sokoni, vya nyuma ya kanisa, na saa vinapofungwa.

Ijumaa, siku ya mapumziko huku, baada ya ibada kwenye makanisa ya Mesaimeer, yule muuguzi akanikutanisha na mpishi mmoja Mkenya ambaye kila kiangazi huenda na matajiri wake pande zile. Tulisimama kivulini, nikatoa kalamu. Alinihurumia.

"Andika," akasema. "Wale jiko likifungwa mchana limefungwa. Ukifika saa tisa utakunywa maji. Jumatatu na Jumanne uulize kwanza kama pako wazi. Halafu kuna upepo. Huo upepo unaweza kumvua mama yako mtandio. Ukivuma, msimpeleke baharini, mpelekeni ndani ndani."

Mama aliporudi, nilikuwa nimeiva. Kwenye ratiba, siku ya kwanza nilimpeleka Nîmes, nusu saa kwa treni, akaone uwanja wa michezo wa Warumi, na chakula cha mchana kabla ya saa nane. Siku ya upepo angebaki mjini kwenye majumba ya sanaa. Siku nyingine Sète, mji wa mifereji, akale samaki. Halafu Aigues-Mortes, mji mdogo uliozungushiwa ukuta, karibu na mashamba ya chumvi yenye maji ya rangi ya waridi.

"Nimesikia kule kuna flamingo," akasema. "Wakoje?"

Hapo Mungu alinihurumia, maana mimi nimezaliwa Nakuru.

Nikamwambia kwamba harufu yao huifikia pua kabla macho hayajawaona. Nikamwambia sauti yao ni kama watu wanaogombana chumba cha pili, na kwamba mmoja akiinua kichwa, wote wanainua. Mama aliacha kuandika, akawa anasikiliza tu. Nami nikanogewa, nikachanganya na ya ziwa la kwetu.

"Na nyuma yao nyati wamesimama wanatafuna."

"Nyati? Ufaransa?"

Nilikuwa nimeshajiingiza. "Weusi," nikasema. "Wenye pembe."

Akaandika.

Wiki ya kwanza ya safari yake nililala vibaya. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, simu ya mezani ikalia.

"Nimetoka stesheni ya Sète," akasema. "Nielekeze."

Nikafungua picha za barabara upesi. "Vuka daraja, khala. Mkono wa kulia utaona duka la mikate lenye mlango wa buluu."

Nikasikia magari na ndege wa baharini.

"Hakuna mikate hapa. Kuna mtu ananyoa mbwa."

"Wamehama."

"Lini?"

"Baada ya ile mara yangu ya pili."

Bosi alipita, akaninyooshea dole gumba.

Siku mbili baadaye mama alinitumia picha. Nilikaza macho. Maji, flamingo wengi kama maua, na nyuma yao kwenye majani wanyama weusi wenye pembe, wametulia wanatafuna. Chini ameandika: "Nyati wako." Nilipochunguza nikakuta ni ng'ombe dume weusi wanaofugwa kwenye vinamasi vya kule tangu zamani. Nilikimbilia chooni nikacheka peke yangu, hadi mlinzi wetu Mganda akagonga mlango kuuliza kama niko salama.

Aliporudi Doha alikuja ofisini na mfuko wa chumvi kwa ajili yangu. Akaketi, akamwomba bosi amletee kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Bosi alipoondoka tu, mama akaegemea mezani.

"Sasa niambie. Hujawahi kufika."

Masikio yaliniwaka. "Sijawahi, khala. Nisamehe."

"Nilijua kabla sijasafiri. Ulinitajia choo cha kila mji. Binti yangu ana miaka miwili kule, hajui hata kimoja! Mtu aliyefika mahali hukumbuka chakula, na nani aligombana na nani. Wewe ulikumbuka vyoo na saa zake."

"Kwa nini hukwenda ofisi nyingine?"

"Kwa sababu ofisi nyingine hawakuwa na vyoo." Akacheka, mabega yakitikisika. "Nilipiga simu kutoka Sète makusudi, nikuone utafanya nini. Yule mnyoa mbwa alikuwepo kweli, lakini duka la mikate lilikuwa hatua kumi mbele. Mlango wa buluu."

Sikujua nicheke au nijifiche chini ya meza.

"Lakini wale flamingo," akasema, "hao umewaona."

"Nimewaona. Ziwa liko karibu na kwetu."

"Nilisikia."

Bosi aliporudi na kahawa, mama alimwambia, bila kupunguza sauti, kwamba ataleta rafiki zake, ila kwa sharti: huyu msichana akisema hajui, aachwe aseme hajui, kisha apewe muda wa kutafuta. Kahawa ikamwagika kidogo kwenye kisahani. Bosi akatabasamu kama mtu ambaye hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake miaka yote.

Mwenzangu aliporudi kutoka likizo ya uzazi tuligawana Ulaya: yeye akachukua kaskazini, mimi kusini. Na wiki iliyofuata rafiki wawili wa yule mama waliingia, mmoja akichechemea kwa goti, wakitaka Montpellier hiyo hiyo. Nikavuta viti viwili, nikawaita upande wangu wa kompyuta, tukaanza kutafuta mabenchi barabara kwa barabara.