Mzee wa Kwenye Kanda

Mwezi uliopita, kwenye mnada wa Katesh, niliona kanda ya video katikati ya redio mbovu. Niliinusa kabla ya kusoma jina lake. Ilinukia plastiki na vumbi, kama sebule ya Mwalimu Neema, jirani yetu kule Gendabi, aliyekuwa na deki.

Mchana mmoja, tukiwa watoto, alikuwa amekodi kanda mjini, akatuita. Jenereta ilinguruma nje, na bibi yangu alipewa kiti cha mbele. Filamu ilipoanza, mlango ulifunguliwa kwenye kioo cha TV akaingia mzee mwenye mvi. Bibi akatugeukia.

"Mtu mzima anaingia na nyinyi mmekaa tu?"

Tukasimama. "Shikamoo, babu."

Mzee akageuka upande wetu, akatabasamu, akainua mkono.

"Ameitikia kwa lugha ya kwao," bibi akasema, ameridhika.

Filamu ilipoisha tulimsihi Mwalimu Neema airudishe mwanzo. Wakati deki inavuma, kaka yangu Daudi alininong'oneza kwamba safari hii tunyamaze, tuone kama mzee atainua mkono. Nilitaka sana kujua. Lakini mlango ulipofunguliwa, Daudi mwenyewe ndiye aliyewahi kusimama.

Kanda ya mnadani ilikuwa ileile. Fundi mmoja alinitafutia deki, nikaiwasha nikiwa peke yangu nyumbani. Siku hizi najua mzee yule alikuwa akimpungia mkewe, humo humo kwenye filamu. Nilikuwa nimeamua kunyamaza, nimalize udadisi wa miaka yote hiyo.

Mlango ukafunguliwa, nikajikuta nimesimama.