Nilipoteza mbio zangu, lakini aliyeadhibiwa ni Mama Wegesa

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa ili usifike katikati ukaanza kunionea huruma. Mama mmoja aliyekuwa ananilisha alifukuzwa machimboni kwa fimbo, akatenganishwa na watoto wake watatu, kwa sababu ya jibu langu la neno moja. Ukweli wote niliujua. Nikanyamaza miaka kumi na minane.

Jina langu silitaji, nina mtoto ameanza darasa la kwanza na sitaki achekwe. Lakini wengine nitawataja. Wamekula jasho langu, acha na wao watajwe.

Mimi ni wa Machochwe, huku Serengeti, karibu na hifadhi. Shule niliishia darasa la saba, na hata hilo nililimaliza kwa sababu ya miguu. Nilikuwa mkimbiaji. Walionifundisha ni ng'ombe wa baba. Ng'ombe akielekea hifadhini unamkimbilia kabla hajaingia, maana akiingia huyo si wako tena. Mita elfu tano, mita elfu kumi, hizo ndizo zilikuwa zangu. Mkoani nilishinda mara mbili, peku. Mara ya pili niliwaacha mpaka nikageuka kutazama kama wamesimama.

Mwalimu wa michezo akaniita, na kwetu kijana huitwa mura. "Mura, mwezi wa sita wanachagua vijana wa kambi ya taifa. Jina lako limeandikwa. Ila huko hawakimbii peku kama huku kwa baba yako."

Viatu. Ndivyo vilivyonipeleka kwenye dhahabu. Miaka ile dhahabu ya upande wa Tarime ilikuwa imewatoa watu akili, hadi walimu walikuwa wanaacha chaki na kushika sururu. Nikajiambia nakaa miezi miwili, nanunua viatu, narudi. Niliondoka na Magige, rika langu. Tulitahiriwa msimu mmoja, na kwetu Wakurya mliotahiriwa pamoja ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja.

Tulipata kazi kwa Mwita Kisogo. Huyo ni wa kwanza kumtaja. Alikuwa na duara, yaani shimo linaloshuka chini kama kisima. Magige alishuka kuchimba. Mimi niliwekwa juu kwenye winchi, gogo lenye mpini wa chuma. Unazungusha, kamba inapanda na kiroba cha mawe, au inapanda na mtu.

Kila asubuhi kabla ya kazi nilikimbia hadi mtoni na kurudi. Wiki ya tatu goti likavimba. Mwita akaniona nachechemea, akatoa kidonge cheupe kwenye kikaratasi.

"Meza hiki. Hospitali wanampa mtu aliyepasuliwa tumbo. Goti lako wewe ni nini mbele ya tumbo?"

Nikameza. Asubuhi iliyofuata nilikimbia kama mtu asiye na mwili. Goti halipo, pumzi haziishi, kichwa kimetulia. Nikasema kumbe ndivyo wale wa kambi ya taifa wanavyojisikia.

Vidonge vilikuwa vinaletwa na Bonfasi, mtu wa Sirari. Alivuka mpaka kwenda Isebania, upande wa Kenya, asubuhi, anarudi na katoni za sabuni, vidonge viko chini ya sabuni. Bonfasi, kama bado unaishi, jua kwamba kuna mtu anakutaja.

Kidonge kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne. Nikikosa, mafua yananitoka kama bomba, tumbo linakata, mifupa inauma kama nimelala kwenye umande. Nikipata, napona pale pale. Mwita alijua. Alinipa asubuhi ili nizungushe kutwa nzima bila kulalamika. Mbio za asubuhi nikawa nasema kesho. Unajua ile kesho ya mlevi.

Sasa nikwambie kuhusu Mama Wegesa. Alikuwa anapika pale machimboni, ugali wa mtama, dagaa, maziwa mgando. Mumewe, Nyamhanga, alichimba duara la jirani. Walikuwa na watoto watatu, Wegesa ndiye mkubwa, miaka sita. Huyu mama aliniita Mkimbiaji tangu siku ya kwanza, na uji wangu aliuweka pembeni nikirudi mtoni niukute. Nilipoacha kukimbia aliona kabla ya mtu yeyote.

"Mkimbiaji, siku hizi mto umehama?"

"Nimechoka, mama."

"Umechoka au umelewa? Macho yako yamekuwa kama ya sangara wa juzi."

Wanaume wakacheka. Akawageukia na mwiko mkononi. "Nyie chekeni. Huyo ndiye anashika kamba zenu."

Wakarudi kwenye sahani zao.

Pale kulikuwa na sheria moja. Kila duara lilizungushiwa kamba ya katani, na mwanamke haruhusiwi kuvuka. Waliamini mwanamke akisogelea shimo, dhahabu inakimbia au shimo linakula mtu. Hata mama ntilie aliweka sahani chini kwenye kamba, sisi tunaifuata. Nami niliamini, nisikudanganye.

Siku yenyewe ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi. Asubuhi nilikuwa nimemeza vinne na cha tano nimekiweka chini ya ulimi. Magige akatikisa kamba mara tatu, maana yake anataka kupanda. Nikaanza kuzungusha. Nakumbuka joto. Nakumbuka mpini ulivyokuwa laini mkononi kama shingo ya ndama. Halafu sikumbuki.

Kilichoniamsha ni sauti ya mwanamke, "Mkimbiaji, amka!" Nikafumbua macho. Nimekaa chini, mgongo kwenye nguzo. Mpini unazunguka wenyewe kurudi nyuma, kamba inashuka na mtu. Na Mama Wegesa yuko juu ya winchi, ameingiza mkono wake kwenye mpini kuuzuia. Nilisikia mfupa wake. Mlio wa kuni kavu.

Winchi ikapunguza kasi, ikakwama. Magige akaanguka kile kipande cha mwisho tu, akavunjika nyonga. Mama yule asingevuka kamba, Magige angetolewa mle ndani kwenye blanketi.

Watu wakaja mbio. Lakini walichokiona kwanza si mimi wala Magige. Waliona mwanamke yuko ndani ya kamba.

Mwita hakuuliza hata kama Magige anapumua. Alinishika kola. "Huyu mwanamke alivuka?"

Mama Wegesa alikuwa ameshika mkono wake unaning'inia. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwulizeni yeye alikuwa anafanya nini. Mkimbiaji, waambie ulikuwa umelala."

Wote wakanitazama. Nikisema nililala, mimi ndiye niliyemwangusha rika langu. Watanipekua. Na Mwita ataninyima vidonge. Nitakuwa mkweli hapa, maana nimeshachoka kujipendelea. Hilo la vidonge ndilo nililoliwaza kwanza.

Nikasema, "Alivuka."

Si uongo. Alikuwa amevuka kweli. Kwa miaka mingi nililificha kosa langu humo humo, kwamba mimi sikudanganya mtu.

Walimwaga ugali wake mchangani, wakapiga teke masufuria, wakamfukuza kwa fimbo hadi barabarani, mkono umevunjika. Nyamhanga aliambiwa mke wake ameua shimo. Akamrudisha Ringwani kwao siku ile ile, peke yake. Watoto alibaki nao, si alitoa ng'ombe wa mahari? Nyamhanga, nawe nakutaja. Hukumuuliza mkeo hata swali moja. Mtoto wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Magige alibebwa kurudishwa Machochwe. Nilipoenda kumwona alinishika mkono akaniambia, "Rika, wameniambia ulivyoing'ang'ania winchi. Bila wewe ningekufa." Mama yake akanipa maziwa ninywe. Nikanywa.

Mwezi wa sita ukafika. Viatu nilikuwa navyo, vipya, vya rangi ya machungwa. Mwalimu alinipeleka mwenyewe kwenye mchujo. Mizunguko sita niliongoza. Wa saba tumbo likaanza, jasho la baridi, miguu ikawa ya mtu mwingine. Nikatoka uwanjani mbele ya watu wote nikajichafua kwenye majani. Mwalimu alinifunika koti lake.

"Mura, nani amekuua?"

"Mwita," nikamjibu. Unaona? Kumtaja mwenzangu nilijua toka zamani.

Viatu viliisha kwa Bonfasi. Baada ya hapo ni miaka kumi ambayo siwezi kukusimulia kwa mpangilio kwa sababu sina mpangilio wake. Vidonge, vikikosekana gongo, gongo ikikosekana bangi, mara nyingine vyote. Nililala kwenye maduara yaliyokufa. Niliiba kuku wa mama yangu, nikaiba ndama wa baba. Baba alinikuta njiani, akanitazama usoni, akasema, "Ng'ombe wangu nawajua wote kwa sura. Wewe sikujui."

Nilijaribu kuacha mara mbili. Ya kwanza siku kumi na moja. Ya pili niliombewa kanisani, nikakaa miezi mitatu, nikatoa hadi ushuhuda, jioni ya ushuhuda nikaenda kutafuta kidonge. Ya tatu ni baba. Alinipeleka kwa muuguzi wa zahanati, yule dada akasema mwili utapiga kelele sana lakini baba asiniache peke yangu. Baba alihamisha kitanda chake akakiweka mlangoni mwa chumba changu, wiki mbili. Nilimtukana matusi ambayo mtu hamwambii mzazi. Alikuwa ananijibu, "Sawa. Kunywa uji."

Nilipoweza kusimama akanipa fimbo, nikarudi kuchunga kama mtoto wa miaka tisa. Siku moja ng'ombe akakimbilia hifadhini nikajaribu kumfuata. Hatua kama hamsini nikaanguka, mapafu yanawaka. Nililia pale chini. Miguu yote ile aliyonipa Mungu, nikaimaliza kwa vidonge.

Lakini sikurudi kwenye dawa. Miaka minane sasa. Nikaoa, nikapata mtoto, watu wananiita baba fulani.

Mwaka huu nilikwenda Mugumu siku ya mnada. Nimesimama natazama majembe, nikasikia, "Mkimbiaji?" Nikageuka. Alikuwa ameketi na mafungu ya viazi. Amezeeka, mkono wa kulia umepinda kama tawi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepona? Macho yako ni masafi." Akatabasamu. Alifurahi, yule mama, alifurahi kweli kuniona mzima.

Nikapiga magoti pale pale kwenye viazi. Nikaanza kumwambia nimekuja kukiri, siku ile mimi... Akanikatiza.

"Mimi unaniambia nini? Mimi nilikuwepo. Nenda kamwambie Wegesa. Yuko Sirari, anauzia madereva chai. Nimetuma watu mara tatu, anasema hana mama, mama yake aliua shimo akakimbia."

Nikaenda Sirari. Nilimkuta binti mkubwa, anamimina chai kwa madereva wa malori, anaongea Kiswahili cha kule ng'ambo, Kenya.

"Uko na shida gani, mzee? Chai?"

Nikamwambia nimetoka kwa mama yake. Akaweka birika chini. Nikamweleza yote, winchi, usingizi, mkono, jibu langu. Nikamweleza na Mwita, na Bonfasi, na vidonge, jinsi walivyoniharibu nikiwa kijana nisiyejua kitu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Umeacha dawa lini?"

"Miaka minane iliyopita." Nilisema kwa fahari kidogo, Mungu anisamehe.

"Kwa hiyo miaka minane uko na akili zako. Unalala, unaamka, unaoa. Mimi nilizaa mtoto hapa Sirari nikiwa peke yangu, nikimlaani mama yangu. Hiyo miaka minane nani alikumezesha?"

Sikuwa na jina la kumpa.

"Kunywa chai yako uende," akasema. Sikuweza kuinywa.

Nikaenda kwa Magige naye nikamwambia. Anatembea kwa mkongojo. Hakunitukana. Alimwita mkewe akamwambia, "Mtoe mgeni." Mgeni, rika langu.

Wegesa alikwenda Ringwani Jumapili iliyofuata na mtoto wake mgongoni, akiwa na mdogo wake anayemfuata. Nimesikia kwa watu, mimi sikuitwa. Yule wa mwisho amekataa. Anasema mama hamkumbuki, na mtu asiyemkumbuka atamwambia nini. Hilo siwezi kulirekebisha. Nimejaribu kwenda kwake, alinifungia mlango.

Wewe kijana unayetegemea miguu yako, maumivu ya goti ni ya kupumzisha, siyo ya kuzimwa kwa kidonge cha tajiri wa shimo. Anayekupa hataki ukimbie, anataka umfanyie kazi.

Na wewe unayejua kuna mtu anabeba adhabu yako, usisubiri upone kwanza, usafike, uwe mtu wa heshima ndipo uende ukamsafishe. Nenda ukiwa mgonjwa hivyo hivyo, ukinuka gongo. Watoto wake wanakua huku wewe unajitibu.