Anamrushia Baba Mkwe Matofali, na Baba Mkwe Anashukuru

Saa moja asubuhi, chini ya ukuta ambao bado hauna madirisha, mwanamke aliyefunga gauni fundo juu ya suruali anapiga goti kidogo, anainuka, na kumtupia baba mkwe wake tofali.

Tofali linapaa. Mita nne juu, usawa wa jukwaa la mbao, linapunguza mwendo, linasimama hewani muda wa kupepesa jicho, na kabla halijabadili mawazo, mikono ya mzee imeshalichukua.

"Asante, mwanangu."

"Haya, baba."

La pili linafuata. Kwa siku njema hupandisha matofali elfu moja namna hiyo, na mzee hushukuru karibu kila moja.

Vibarua wenzake wanamwita mwanamke huyo Manati. Ana umri wa miaka thelathini na minne, watoto wawili, na mikono ambayo mume wake anasema haifai kubishana nayo. Kwa miaka mitano mume huyo ndiye aliyekuwa juu akidaka.

"Yule nilimrushia bila wasiwasi," anasema Manati. "Siku tukigombana, namrushia kwa bidii zaidi. Kazi inaisha mapema, na hasira pia."

Miezi mitatu iliyopita mgongo wa mume ulikaza. Akainama kufunga kamba ya kiatu na hakuinuka mpaka majirani walipoitwa. Kazi hii ni ya jozi: wa juu akikosekana, wa chini hana cha kufanya. Nyumba nzima ilitegemea ukuta ule. Mume, akiwa kitandani, akapata wazo.

"Baba yupo," alisema.

Baba alikuwa fundi mwashi mstaafu, mwenye mikono kama koleo. Kwa kudaka, hakuna aliyemtilia shaka. Shida ilikuwa kwa mrushaji.

"Nilipoolewa nilifundishwa kumpa maji kwa mikono miwili, nimeshusha goti na macho," Manati anaeleza. "Hakuna aliyenifundisha kumtupia tofali."

Siku ya kwanza alishusha goti, akashusha macho, akarusha kwa adabu. Tofali lilifika katikati ya ukuta, likaona aibu, likarudi. Manati aliruka pembeni. La pili likafanya hivyo hivyo.

"Unamrushia au unamwonyesha tu?" fundi anayejenga ukuta akauliza kutoka juu.

"Mwacheni," mzee akamtetea, mikono bado imenyooshwa. "Lipo njiani."

Halikuwa njiani. Kufikia adhuhuri chini ya ukuta palikuwa na rundo la vipande, na tofali lililovunjika halilipwi. Msimamizi aliangalia rundo, akamwangalia mzee, akasema wana siku mbili zaidi. Wakishindwa, analeta jozi nyingine.

Siku iliyofuata Manati akaamua kutia nguvu. Tofali lilimpita mzee sikioni likiwa bado na haraka zake, likaangukia kwenye karai la udongo wa kujengea, na fundi akageuka rangi. Mzee alivua kofia, akaikagua kama ina tundu, kisha akachungulia chini.

"Mwanangu," aliuliza kwa upole, "kuna jambo nimekukosea nyumbani?"

Manati alitamani ardhi impokee. Mpaka hapo alikuwa akiomba sana. Kila tofali lilipomtoka mkononi alifumba macho na kulisindikiza kwa dua.

Jioni hiyo alikwenda kwenye darasa la watu wazima anakosoma baada ya kazi. Ilikuwa zamu ya mwalimu wa sayansi. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tofali likiwa hewani nalisaidiaje?"

"Hulisaidii," mwalimu akajibu, akichora upinde ubaoni. "Likishakutoka mkononi linakwenda kwa mwendo uliolipatia wewe, na dunia inaupunguza tangu hapo mpaka uishe. Ukiisha, linaanza kushuka. Hapo juu kabisa ndipo pa kulidakia. Ukilipatia mwendo mdogo, litaishia chini ya mikono ya anayedaka. Ukizidisha, litamfikia bado linakimbia."

"Hata kwa dua halisaidiki?"

"Dua ni njema, mama. Ila omba kabla hujaliachia."

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Usiku huo, anasema, ilimwingia kwamba si tofali peke yake analoliombea likiwa limeshamtoka.

Asubuhi ya mwisho alisimama na tofali kifuani, macho amefumba, akaomba kirefu. Msimamizi akaangalia saa.

"Manati! Tunalirusha au tunalizika?"

Akashusha goti. Akabaki hapo hapo, kama siku zote. Ndipo mzee akainama ukingoni mwa jukwaa.

"Goti nimeliona, mwanangu. Heshima imefika. Sasa inuka nalo."

Akainuka nalo. Miguu ikasukuma, mikono ikafuata, tofali likapanda likichora upinde, likatulia mbele ya kifua cha mzee. Akalipokea kama anayepokea sahani. Jukwaa zima likapiga makofi, isipokuwa fundi, aliyekuwa bado amejificha nyuma ya karai.

Malipo yao hayajawatajirisha. Yanatosha unga, mafuta na ada ya darasa, na kinachobaki hakihitaji mkoba. Lakini mzee amebadilika. "Baada ya kustaafu nilikuwa nahesabu kuku wa jirani," anasema. "Sasa nakula sahani mbili, na nalala bila kubembelezwa."

Tatizo ni kwamba mgongo wa mwanawe unapata nafuu. Juma lililopita alifunga kamba za viatu vyote viwili mwenyewe, akatangaza kwamba mwezi ujao anarudi jukwaani. Msimamizi amesema nafasi ya juu ni moja.

Tunamuuliza Manati anatarajia nini. Anapangusa vumbi mikononi na kufikiri.

"Namwombea mume wangu apone kabisa," anasema. "Apone mgongo, apone shingo, asibaki na maumivu hata ya kidole. Halafu Mungu amjalie kazi nzuri, ya kukaa kwenye kiti, kwenye jengo lingine..."

"Amina!" inashuka sauti kutoka jukwaani, kabla hajamaliza.