Jina la Mfua Chuma

Vita vilipotufukuza kijijini kwetu Kalengera, mama aliingia kambini, nje ya Goma, na watoto watatu badala ya wanne. Mdogo wetu wa mwisho, msichana ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni, alipotelea barabarani kwenye msongamano. Kesho yake tukamwona, mzima, ndani ya uzio wa watoto waliopotea. Mama akamwita, naye akaja mbio. Mzungu msimamizi akamzuia.

Kosa letu lilikuwa majina. Kwetu Wanande, jina husema umezaliwa wa ngapi: wa kwanza ana lake, wa pili ana lake. Mzungu aliona majina yetu hayafanani, akaamua kwamba sisi si ndugu. Ila wazaliwa wa tatu wa kambi nzima, wenye jina moja, aliwastaajabia: ukoo mkubwa ulioje! Msomi mzima. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa. Huyu alikuja, mwenyeji akanyimwa mtoto.

Tena akatufundisha. Mkalimani wake, kijana wa Birere, mtaa wa Goma, alijing'ata midomo asicheke huku akitafsiri: jina la bwana huyu ni la Kiingereza, maana yake mfua chuma. Babu yake wa kale alifua chuma, na tangu hapo jina linatoka kwa baba kwenda kwa mwana. Hivyo ndivyo familia inavyojulikana.

"Na yeye anafuaka chuma?" mama akauliza.

Hapana. Kwa viganja vile, nyundo ingemtoa malengelenge kabla haijainuliwa. Akakiri pia kwamba kwao wenye jina hilo wamejaa kila mtaa, na wengi hawana udugu wowote.

"Sasa jina inamusaidia nini? Mimi mutoto yangu ninamujua."

Mzungu hakutikisika. Bila jina moja la ukoo, mtoto hatoki. Nilimchukia, na sijaacha.

Mama akamgeukia mkalimani. "Umuambie atuandike jina yake. Mimi na batoto, sisi wote. Si ni jina ya kila mutu?"

Mzungu akawa mwekundu hadi masikioni. Lakini utaratibu wake ulitaka jina moja, na jina moja lilikuwa limepatikana. Akaandika. Mdogo wetu akarudi mgongoni kwa mama, na mama akalia kwa sauti mbele ya watu wote.

Baadaye tulipopanga nyumba mjini, mtaa wa Keshero, kila mmoja alirudia jina lake, isipokuwa mdogo wetu. Tukimwita kwa jina lake la kuzaliwa, haitiki. Siku moja nilimkaripia: wewe ni Mwingereza tangu lini?

Akamshika mama kitenge. "Na bakinikamata tena?"