Mama Mkwe na Nyumba Isiyo na Kuta

Mgeni yeyote wa Kenya aliyetua Houston miaka ile ya tisini alingojewa na mambo mawili: joto, na Elkana. Joto lilikuwa na huruma zaidi, maana mtu aliweza kuingia ndani akalikimbia. Elkana alikufuata mpaka kwenye kochi, funguo za gari mkononi, akakuuliza kama umeshauona mji.

Alikuwa karani wa kampuni ya mabomba, mtu mwembamba wa kutoka Bungoma, shati limepigwa pasi hata Jumamosi. Houston aliipenda kwa namna ya mtu anayempenda mtoto wake asiye na sura nzuri, yaani kwa kuitetea. Mji hauna mlima. Ulianzishwa na ndugu wawili waliotangaza kinamasi gazetini kana kwamba ni bustani ya Edeni, na watu wakanunua. Elkana alilisimulia jambo hilo kama anayesimulia ukoo wake mwenyewe. Wageni walisinzia, yeye alidhani wanatafakari.

Baada ya mji, alichokipenda zaidi ni nyumba yake ya Pearland, pembezoni mwa mji. Jiko, meza ya chakula na sebule vilikuwa chumba kimoja kikubwa bila ukuta hata mmoja. Ukiwa kwenye sinki unaiona runinga. Ukiwa kwenye kochi unaiona sufuria. "Huu ndio ujenzi wa hapa," aliwaambia wageni akizungusha mkono. "Hakuna kujificha."

Hakujua kwamba kuna siku angetamani sana mahali pa kujificha.

Mwishoni mwa 1998 Lydiah, mkewe, alijifungua mtoto wa kiume. Lydiah alikuwa muuguzi katika mojawapo ya hospitali kubwa za mjini, na likizo yake ya uzazi ilikuwa fupi kama usingizi wa mzazi. Wakapatana kwamba mama yake, Mama Peninah, aje kutoka Bungoma amlee mjukuu hadi katikati ya mwaka. Bila yeye, Lydiah angelazimika kuiacha kazi aliyoisomea kwa machozi, tena huku akiosha vyombo vya watu.

Mama akaja, na ndipo wote watatu wakakumbuka kitu ambacho hakuna aliyekitaja kwenye simu. Kwao, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa umbali. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, hakuna anayekula mbele ya mwenzake, na habari ya kulala chini ya paa moja husemwa kwa sauti ya chini. Kijijini si tabu. Kuna ua, kuna migomba, kuna nyumba ya pembeni. Mmoja akikohoa, mwingine anapita njia nyingine. Pearland kulikuwa na zulia.

Elkana alipokwenda kazini alilazimika kupita sebuleni. Alipita akiitazama dari, na kona ya meza ikaufahamu vizuri mfupa wa goti lake. Mama, akisikia kitasa, alijitanda leso na kuugeukia ukuta, na kwa kuwa ukuta haukuwepo, aliligeukia friji. Hakula mpaka mkwe ameondoka. Mkwe naye hakula mpaka mama ameingia chumbani. Lydiah, mtoto kifuani, alipeleka ujumbe kati ya watu wawili waliokuwa wakisikiana vizuri kabisa.

Ilipofika Machi, zikiwa zimebaki siku chache Lydiah arudi kazini, Mama Peninah alisema anataka kwenda nyumbani. Sababu aliyoitoa ni kwamba ng'ombe wake anakaribia kuzaa. Lydiah alikwenda kulia jikoni, ambako ndiko sebuleni, na Elkana akamwona.

"Mama amechoka kukaa ndani," alimwambia. "Hajauona mji. Niachie mimi."

Lydiah alimtazama kama muuguzi anavyomtazama mgonjwa aliyejiandikia dawa mwenyewe.

Elkana akaomba ruhusa kazini siku ya Ijumaa. Lydiah aliketi mbele, Mama nyuma na mtoto. Ili macho yao yasikutane, Elkana alikigeuza kioo cha ndani kikatazama juu, akaziingia barabara kuu za Houston kwa kudra ya Mungu na vioo vya pembeni.

Alianza na njia za chini ya ardhi, zile zinazounganisha maghorofa ya katikati ya mji. Watu wenye tai walikuwa wakipita huku na huku kama fuko, vikombe vya kahawa mikononi. Elkana alitangulia hatua kadhaa mbele, akiihutubia hewa habari za wale ndugu wawili na kinamasi chao. Mama akamwuliza Lydiah watu hawa wanamkimbia nani. Lydiah akampelekea Elkana swali. Elkana akajibu kwamba wanalikimbia jua.

"Kwani jua ni mkwe wao?" Mama akauliza.

Lydiah alicheka mpaka akaegemea ukuta. Elkana aliona hilo ni swali zuri, akaongeza maelezo kuhusu saruji.

Halafu akawapeleka kwenye nyumba ambayo mwenyewe aliifunika yote kwa makopo ya bia, mpaka vifuniko vikawa mapazia yanayolia kwa upepo. Mama Peninah ni Mkwekeri wa tangu kuzaliwa, wa dhehebu lisilogusa pombe. Aliitazama nyumba ile kwa muda mrefu, akauliza kama bia yote ilinywewa kwanza. Alipoambiwa ndiyo, alisema angalau huyo bwana hakuficha kitu, akafunga dirisha la gari.

Chakula cha mchana kilikuwa kidari cha ng'ombe kilichokaushwa kwa moshi. Elkana aliwapa wanawake meza ya ndani, yeye akaenda kukaa peke yake nyuma ya nguzo, mgongo kwao. Mhudumu mmoja, mama mnene mwenye kalamu sikioni, aliona mume, mke na mama mkwe waliotengana, akahitimisha alichohitimisha. Alimletea Elkana kipande cha keki ya karanga ambacho hakukiagiza, akamshika bega, akamshauri aombe msamaha hata kama hajui kosa lake. Elkana alishukuru, akala keki yote.

Jioni wakafika Astrodome, jumba kubwa la michezo, kulikokuwa na maonyesho ya ng'ombe na michezo ya wachunga ng'ombe. Hapo ndipo Elkana alipokuwa ameweka tumaini lake lote: mama anapenda ng'ombe, na hapa kuna ng'ombe chini ya paa kubwa kama anga. Mama alipoona ndama akitupiwa kamba na kuangushwa, alimfunika mjukuu macho. Elkana, kwa kuona mambo yanaharibika, akakimbilia historia. Akaliambia bega la Lydiah kwamba jumba hili lilipofunguliwa lilikuwa ajabu ya dunia. Kwamba paa lilikuwa la vioo, na nyasi halisi zikapandwa ndani. Kwamba vioo viliwachoma macho wachezaji, vikapakwa rangi, nyasi zikakosa jua, zikafa. Na msimu wa mechi ulikuwa haujaisha.

"Wakafanyaje?" Lydiah akauliza, kwa sababu mama alikuwa amemgusa.

"Wakazipaka rangi ya kijani. Kwa mbali ulidhani ni nzima."

Mama Peninah akakohoa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege, akasema bila kumpitia binti yake, macho yake yakiwa kwa ndama.

"Elkana, baba. Nyasi hazikuwa na ubaya na mtu. Zilikataa tu kuishi chini ya lile paa. Nawe tangu asubuhi unanipaka rangi."

Elkana akatoa funguo za gari mfukoni. Wakarudi Pearland.

Asubuhi yake alilitoa gari gereji, chumba cha gari kilichoungana na nyumba, akaliacha juani. Akafagia, akajiingizia humo kitanda cha kukunja cha kulalia yeye, feni, na picha ya mji aliyokuwa ameitundika sebuleni. Jirani aliyekuwa akikata majani alisimamisha mashine kumtazama. Baada ya muda naye aliinua mkono kumpa pole, kama mhudumu wa keki. Mama Peninah aliangalia dirishani hadi kitanda kilipokunjuliwa, halafu akamwomba Lydiah apige simu Bungoma: ng'ombe atasaidiwa kuzaa na majirani.

Lydiah akarudi kazini. Kila jioni sahani iliachwa kwenye kidato cha mlango wa gereji, kikafuata kikohozi, kisha nyayo zikaondoka. Elkana alikula akitazama ndoo za rangi na mashine ya kukatia majani, na alikiri moyoni kwamba ukuta, ukiuchunguza, una uzuri wake.

Jioni moja kikohozi kilikuja, na nyayo hazikuondoka. Alisikia kiti cha jikoni kikiburutwa hadi nyuma ya mlango uliofungwa, na mjukuu akibembelezwa.

"Elkana," sauti ikasema. "Wale ndugu wawili waliouza kinamasi. Wenyewe walikaa hapo?"

Elkana akaiweka sahani chini. Akakigeuza kiti chake, akaupa mlango mgongo kama inavyopasa, akajisafisha koo, akaanza mwanzo kabisa.