Nusura Niwalishe Watu wa Kisenyi Idi Kabla ya Siku Yake

Habari zenu wakuu.

Wanaonifahamu humu wanajua mimi ni mtu wa kutupia picha za anga na kupotea. Leo nimekuja na maneno. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, na shahidi wangu ni mama mmoja ambaye hata umlipe hawezi kusema uongo.

Kwa wageni: naishi Kampala, mtaa wa Kisenyi. Ni Mkenya, mtu wa Webuye, nilikuja huku kutafuta maisha nikapapenda. Nauza taa na vioo vya pembeni vya magari. Kama gari lako lina jicho moja, karibu.

Darubini yangu niliipata mitumba kwa Mzungu mmoja wa Nakasero aliyekuwa anahama. Tangu siku hiyo mambo ya mpira siyajui tena.

Nimo kwenye group moja la WhatsApp la watu wa Afrika Mashariki wanaopenda anga. Humo yumo nesi, yumo dereva wa lori, wamo walimu. Admin yuko Dodoma, tunamwita Mzee Zohali kwa sababu hata mkianza kuzungumzia bei ya nyanya yeye ataishia kwenye Zohali na pete zake. Tunabishana kuhusu picha mpya zinazotoka angani, nani kapiga Mshtarii vizuri, nani kaweka rangi mpaka sayari imekuwa kitenge. Raha tupu.

Sasa naomba mjue jinsi tunavyofanya kazi, maana kisa chote kimekaa hapo.

Vitu vingi tunavyopiga, jicho halivioni sawasawa. Kwa hiyo unarekodi video fupi kupitia darubini. Program inachagua vipande vizuri, inavirundika kimoja juu ya kingine, halafu unaongeza mwanga hapa, unapunguza pale. Kilichokuwa hafifu kinajitokeza.

Si uongo. Ni mwanga wa kweli, umekusanywa tu. Sisi tumezoea mpaka hatujisumbui tena kulisema.

Shikeni hapo.

Picha napigia juu ya paa la jengo la Hajati Sahra. Huyu ni mama wa Kisomali, mzaliwa wa Garissa, mjane, ana duka la jumla la mchele, tambi na mafuta ya kupikia. Mimi nimepanga kibanda mbele ya duka lake. Namwita Mama, na kwa kweli ndivyo alivyo kwangu.

Kupewa ufunguo wa lile paa haikuwa kazi ndogo. Kaka zake walikataa katakata. Walisema mtu hawezi kupanda juu na bomba jeusi namna ile katikati ya mji, askari wakimwona kutoka barabarani tutajibu nini?

Hajati aliwajibu mbele yangu. "Huyu mtoto wangu. Akiharibu, niulizeni mimi."

Basi. Mtaani kwetu neno la Hajati ni zito. Hata mwezi wa Ramadhani ukikaribia kwisha, watu hupita dukani kumuuliza amesikia nini, umeandama au bado. Kwa hiyo nilipopanda paa lile, nilikuwa nimepanda juu ya jina lake.

Mimi ni Mkristo, lakini wakuu, Ramadhani ya Kisenyi hata wewe utafunga bila kupenda. Mchana hupati wa kukupikia. Jioni ndiyo malipo, sambusa za Hajati zinanifanya nitamani mwezi huo uwe mrefu zaidi.

Twende kwenye siku yenyewe. Ilikuwa siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani.

App yangu ya anga ilionyesha kwamba jua likishajificha nyuma ya kilima cha Namirembe, mwezi mchanga utabaki juu ya kilima kwa muda mfupi tu. Na ulikuwa mchanga kweli. Kule kwenye group tulikuwa tumewekeana ushindani, nani atapata mwezi mwembamba kuliko wote.

Nikapanda na vyombo vyangu. (Tahadhari kwa mnaoanza: subiri jua lizame kabisa. Darubini na jua havichezewi, macho hayana spea.)

Nikachungulia. Anga jeupe, tupu. Nikatafuta kushoto, nikatafuta kulia, hakuna kitu. Nikaiamini app, nikaelekeza pale iliposema, nikarekodi.

Nikashuka kibandani, nikafungua laptop. Program ikarundika vipande, nikavuta mwanga, lile anga jeupe likawa jeusi tii. Na pale katikati, umelala chali kama mwezi wa huku kwetu Ikweta unavyolala, mwezi mwembamba kama ukucha uliokatwa.

Nilipiga kelele peke yangu kama mwendawazimu.

Nikaituma kwenye group na maelezo yote: darubini gani, vipande vingapi, nimeedit vipi. Mzee Zohali akajibu, "Umetumaliza." Wengine wakamwaga makofi. Kwa ile furaha nikaiweka na kwenye status yangu, nikaandika: Mwezi wa Kisenyi, jioni hii.

Hayo tu. Nikaenda kuoga.

Mmeshaliona tatizo? Mimi sikuliona kabisa.

Nimerudi, nakuta simu imejaa. Kabla sijasoma, nje nasikia vigelegele. Natoka, namkuta Ochora, askari wa mlangoni kwetu. Ni mtu wa Gulu, mtoto wa kambini, Kiswahili chake ni cha jeshi.

"Mkubwa! Mimi naona mwezi kwa status yako, mimi naambia watu yote. Kesho iko Idi!"

Nikamuuliza amewaambia akina nani.

Alikuwa amemwonyesha Nalongo, mama wa chapati wa pale kona. Nalongo akawaonyesha vijana wa gereji. Kila aliyeiona akaipitisha, na kila ilipopita ilizidi kuwa kweli. Nalongo alikuwa ameshamwaga unga kwenye beseni kubwa, anakanda chapati za Idi. Mmoja wa gereji ameshampigia muuza mbuzi. Akina dada wameketi kizingitini wanapakana hina.

Na tangazo lenyewe la wakubwa wa dini lilikuwa bado halijatoka! Watu walikuwa wanaenda kuacha kufunga siku nzima kwa sababu ya picha yangu.

Simu ikaita. Hajati.

"Njoo dukani."

Nikaenda. Alikuwa amekaa nyuma ya meza, redio pembeni, kaka zake wawili wamesimama. Hakunikaribisha kiti.

"Warya, wewe kijana. Watu wanasema mwezi umeonekana juu ya paa langu. Umeuona?"

"Mama, ninao kwenye kompyuta."

"Sikuuliza kompyuta. Macho yako yameuona?"

Wakuu, nilikuwa na majibu mengi ya kitaalamu. Ningeweza kumweleza habari za mwanga na kamera mpaka asubuhi. Lakini swali lake lilikuwa dogo na jibu lake lilikuwa moja.

"Hapana, Mama. Kwa macho sikuona kitu."

Kaka mmoja akacheka kwa pua. Hajati hakucheka. Alinyoosha mkono.

"Lete ufunguo. Halafu toka nje, uwaambie kama ulivyoniambia mimi."

Nikaweka ufunguo mezani. Niliumia, sitaki kuwaficha. Siyo paa tu lililoniuma, bali lile jina lake alilolisimamisha mbele ya ndugu zake kwa ajili yangu.

Nikaenda kwa Nalongo, maana ndipo watu walipojaa. Nikasema kwa sauti: jamani, mwezi ule sikuuona kwa macho. Picha imetengenezwa kwa kompyuta.

Nalongo akasimamisha mikono kwenye unga. "Banange! Umeuchora?"

"Sikuuchora. Mwezi ulikuwepo."

"Sasa kama ulikuwepo, si uliuona?"

"Ulikuwepo, lakini hauonekani."

Kicheko kilichofuata kilifika mpaka stendi. Nilikuwa nazama. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kuniona tapeli wa kisasa.

Kilichoniokoa ni kwamba nauza vitu vya magari. Pale alikuwepo Kato, fundi wa kupuliza rangi. Nikamgeukia yeye. Nikamuuliza, ukipuliza mkono wa kwanza wa rangi, nyepesi kabisa, inaonekana?

"Kidogo sana. Bati bado inaonekana."

"Ukipuliza mara nyingi?"

"Rangi inakuja."

Nikamwambia ndivyo nilivyofanya. Kila kipande cha video kilikuwa na mwezi kidogo sana, jicho haliwezi kuushika. Nimepuliza juu kwa juu mpaka ukaja. Rangi ni ya kweli, lakini aliyesimama barabarani na macho yake hakuiona.

Kato akaitikia kwa kichwa. "Kale, sawa. Kwa hiyo hii ni mwezi ya gereji."

Watu wakacheka tena, ila safari hii walicheka nami. Akageuka kuwaambia wenzake kwa Kiganda, akiigiza kwa mkono kama anapuliza, na nikaona nyuso zinalegea. Ochora akaanza kuwapigia simu wote aliowaambia, mmoja mmoja, kwa sauti ya paredi: "Mwezi hakuna! Narudia, mwezi hakuna!"

Haukupita muda redio ikasema. Mwezi haujaonekana, watu wakamilishe thelathini.

Nalongo aliutazama unga wake, akanitazama mimi. "Wewe utakura hizi chapati zote." Nilizila nyingi, na zilizobaki zikawa daku ya mtaa.

Nilifuta status. Kwenye group nikaeleza yaliyonipata, na hapo moto ukawaka. Wapo waliosema sayansi imeshathibitisha mwezi ulikuwepo, kwa nini niombe radhi? Mzee Zohali akawazima. Akaandika kwamba picha ni yetu, ila kufunga na kufungua ni kwao wenyewe, na sisi tukishindwa kusema jicho liliona nini basi tusishangae wakituita waongo. Kwa mara ya kwanza hakuitaja Zohali.

Kesho yake nilikaa kibandani kimya, nauza taa. Hajati alipita mara mbili bila kunisemesha.

Jioni, jua linaelekea Namirembe, nikaona Ochora anapita na kiti cha plastiki kichwani. Nyuma yake Hajati, ameshika ukuta, anapanda ngazi taratibu.

Akasema bila kugeuka, "Lete bomba lako."

Nilipanda mbio wakuu.

Siku hiyo mwezi haukuhitaji kompyuta. Jua lilipozama tu, ukajitokeza juu ya kilima, mweupe, umelala kama bakuli. Chini mtaani watu wanaonyeshana vidole, watoto wanapiga kelele, "Ule pale! Ule pale!"

Hajati alikuwa amekaa, uso ameuelekeza magharibi.

"Uko wapi?"

"Ule pale Mama, juu ya kilima."

Akasogeza kichwa mbele. "Uko wapi?"

Nikamwonyesha tena kwa kidole. Ndipo nikaona anatazama kando kabisa, upande wa mnara wa simu. Macho yake yalikuwa na ukungu ambao miaka yote ile, kwa kuzoea kukaa naye kwenye kivuli cha duka, sikuwahi kuuona.

Akasema polepole, Ochora asisikie. "Mimi siku hizi naambiwa tu, mwanangu. Ndiyo maana nauliza sana."

Kumbe lile swali la jana halikuwa la kunikomoa. Mama yule alikuwa anauona mwezi kwa macho ya watu wengine, na mimi nilikuwa nimempelekea yasiyoona.

Nikatengeneza darubini haraka, nikashusha miguu yake mpaka ilingane na kiti. Akaigusa kwanza.

"Na hii? Imepulizwa kama ile ya juzi?"

"Hapana Mama. Hiki ni kioo tu, kama miwani. Unachoona ndicho kilichopo sasa hivi."

Akainama. Nikamwelekeza kichwa kwa mkono, kidogo kushoto, kidogo juu. Akachungulia, akainuka, akachungulia tena. Nikadhani imeshindikana.

Halafu akashika pumzi.

"Kumbe umelala," akasema.

Akacheka kama msichana, machozi yanamtoka, anajifuta kwa ncha ya mtandio na kurudi kuchungulia tena. Ochora akauliza kama mwezi iko. Hajati akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Upo! Nimeuona mimi!"

Nami nilifuta macho, na sioni aibu kuandika.

Alipotosheka, akafungua mkoba, akatoa ufunguo, akanitia mkononi. "Nani atanipandisha mwezi mwingine?" Akashuka kwenda kupika.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Sisi wa picha tunaishi na vitu visivyoonekana mpaka tunasahau kwamba mwenzako akiiona picha anadhani ulisimama hapo ukaviona. Kwenye group letu sasa ni sheria: chini ya kila picha unaandika kamera imepata nini, na jicho limeona nini. Nusu ya picha zangu za galaksi zimeandikwa "jicho halikuona kitu", na zimekuwa tamu zaidi.

Wenye darubini, wenye visa vya mwezi wa mitaa yenu, na wanaotaka kunicheka tu, uwanja ni wenu. Wataalamu wa macho, kama mnajua pa kumpeleka mama wa rika lake hapa Kampala akatazamwe, hilo nalihitaji kuliko likes.

Maana Hajati ameshaanza. Leo asubuhi kaniuliza mwezi ujao utaandama lini. App ninayo mfukoni, lakini nimemjibu nitamwambia nikiuona.